Nchi ya Waliotua Mizigo

Mwanamvua aliingia katika nchi ile akiwa mkavu, na hilo ndilo lililomtia bawabu wasiwasi.

Hapakuwa na ukuta pale. Palikuwa na lango tu, limesimama peke yake katikati ya uwanda wa mchanga mweupe, na mtu angeweza kulizunguka akapita pembeni bila kuulizwa neno. Lakini hakuna aliyezunguka. Wote walipita langoni wameinamisha vichwa, kwa sababu anayekwenda kujipoteza hupenda kuona kwamba ameruhusiwa. Bawabu alikuwa mwanamke mnene aliyevaa koti la mvua, ingawa jua lilikuwa limesimama utosini, halipandi wala halishuki.

"Umemeza nini?" akamwuliza Mwanamvua.

"Sijameza kitu."

"Umevuta? Umenusa? Umejidunga?"

"Hapana, shoga yangu. Nimekuja na akili zangu."

Bawabu akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga na kuzitazama mboni za macho yake. Mwanamvua alilijua tendo lile. Yeye mwenyewe alikuwa akilifanya kila siku kazini.

"Mkavu kweli," bawabu akasema, akamwachia kidevu kama mtu aliyeshika kitu cha moto. "Sasa umefikaje? Huku watu huletwa na vitu vyao. Huyu na jani lake, huyu na chupa yake, yule na sindano. Wewe umeletwa na nini?"

"Na ndugu yangu. Anaitwa Chande, mdogo wangu, tumbo moja. Anachechemea mguu wa kulia. Amepita hapa."

"Wamepita wengi. Sikiliza, mama. Nchi hii ina sheria moja tu. Kila aingiaye hutua mzigo: mwingine hutua uchovu, mwingine aibu, mwingine maumivu. Ndicho wanachokifuata. Lakini mzigo ukituliwa haufi. Huelea hapa hapa hewani, ukitafuta bega, na bega pekee unaloliona ni la aliye mkavu. Utabeba vya watu usiowajua."

"Nitabeba."

"Utabeba," bawabu akakubali, wala sauti yake haikuwa na huruma. Akampisha.

Huko alikotoka, kazi ya Mwanamvua ilikuwa kutoa nusukaputi. Daktari mpasuaji alipasua, wauguzi wakashika vyombo, na yeye akakaa kichwani pa mgonjwa, akamwondoa. Ndivyo alivyopenda kusema: kumwondoa. Alimwambia mgonjwa ahesabu, mgonjwa akahesabu, na mahali fulani kati ya namba na namba mtu akakatika. Kilichobaki mezani kilikuwa na joto na mapigo, na kiliweza kukatwa kwa kisu kisiseme ah. Lakini mwenyewe hakuwepo. Alikuwa wapi? Swali hili Mwanamvua alikwenda nalo kazini, akarudi nalo, akalila na wali wake. Kama amelala, mbona aliyelala huota na huyu haoti? Kama amekufa, mbona hurudi akaomba maji? Na kama matone yasiyojaza kijiko cha chai yanaweza kumtoa mtu ndani ya mwili wake na kumfungia mlango, basi mtu ni nani humo mwilini? Mwenye nyumba, au mpangaji anayeweza kutolewa vyombo nje wakati wowote? Madaktari walimcheka. Walisema: wewe waamshe tu, hayo mengine waachie mashehe.

Naye aliwaamsha wote. Hilo lilikuwa fahari yake. Kulaza si ufundi, alikuwa akisema, hata rungu hulaza. Ufundi ni kuamsha.

Chande alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, kijana mwembamba, mwepesi, mpenda kuimba akiwa juu. Siku moja bati lilimponyoka, na yeye akalifuata. Mfupa wa paja ukavunjika vibaya. Hospitali wakamtia vyuma, wakampa dawa kali za maumivu, kisha dawa zikakoma, na daktari akasema mfupa umeunga, kilichobaki ni kuvumilia. Chande hakuweza kuvumilia. Alilia alasiri, wakati dada yake ametoka zamu na anautafuta usingizi. Wala hakulia kwa kelele. Alilia kama mlango unaosukumwa na upepo, taratibu, bila kukoma. Ndipo Mwanamvua akaanza kuja nyumbani na masalio, yaani kile kinachobaki chupani baada ya upasuaji, ambacho kanuni inasema kimwagwe. Umwage dawa, na ndugu yako analia? Alijiambia kwamba ni huruma. Alijiambia hivyo kila alasiri, mpaka aliporudi siku moja akakuta kitanda kitupu. Tangu hapo watu walimwona Chande hapa na pale, akiomba, akiiba, akicheka peke yake. Lakini kila Mwanamvua alipomkimbilia na kumshika, aligundua kwamba ameshika nguo na ngozi tu. Mwenyewe alikuwa ameondoka. Na safari hii aliyemwondoa alijua njia ya kulaza, asijue ya kuamsha.

Basi ndiyo maana akamfuata huku.

Mji wa kwanza aliusikia kabla hajauona. Ulivuma kama mzinga wa nyuki. Kila mtu humo alikuwa mbioni: mmoja anafagia uwanja ambao umeshafagiwa mpaka ukawa shimo, mwingine anajenga ngazi isiyoegemea popote, na wote wanasema kwa pamoja, hakuna anayesikiliza. Mwanamvua alipotia mguu mjini aliinama ghafla. Uchovu wa mji mzima ulimpanda mgongoni. Ndio waliokuwa wameutua wale, nao ulikuwa ukisubiri bega. Alitamani kujilaza barabarani. Badala yake akajikokota hadi kibaraza cha fundi cherehani mmoja aliyeitwa Ngwale, akauliza habari za kijana mchechemeaji.

"Karibu, kaa, usikae, simama hapo nikupime!" Ngwale alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. Alikuwa akishona shati lenye mkono mmoja mrefu, uliotoka mlangoni ukapita barabarani na kupotelea upande wa pili wa mji. "Ukimaliza mkono unapata wazo, mama, na wazo zuri haliachwi! Mchechemeaji namjua. Rafiki yangu. Alikuja hapa mzito kama zege, anasema ile dawa yake ya kwanza imemlaza mwili mzima, naye anataka kufanya kazi kama zamani. Wakampa majani atafune. Halafu wakampa kile cheupe anuse. Akapanda juu, mama! Aliezeka! Tazama!"

Mwanamvua akainua macho. Juu ya mji, hewani, yalining'inia mapaa. Hayakuwa na kuta chini yake, wala nguzo. Mapaa mazuri, yenye mgongo ulionyooka, na misumari imepigwa kwa mpango aliougundua mara moja, kwa sababu ndivyo Chande alivyoezeka nyumba ya mama yao. Mapaa yasiyomfunika mtu.

"Wewe unakula, fundi?" akauliza, maana mashavu ya Ngwale yalikuwa yamebonyea na midomo imepasuka.

"Njaa niliiacha pale kona."

"Unalala?"

"Nilale nikiwa na nguvu hizi?"

Mwanamvua akamshika kifundo cha mkono, kwa mazoea. Mapigo yalikuwa yakikimbia kama ya kifaranga kilichoona mwewe. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka mpaka weusi umemeza kila kitu, na taya zilisaga bila ya kuwa na kitu kinywani. Alimfahamu. Hizi hazikuwa nguvu alizopewa na mtu. Zilikuwa zake mwenyewe, za mwezi ujao na mwaka ujao, naye alikuwa akizila leo kama mkulima anayekaanga mbegu za kupanda, akishangaa utamu wake.

"Kisha Chande akawaje?"

Cherehani likasimama. Ngwale akatazama nyuma, akatazama darini, akashusha sauti. "Kisha akaanza kuwaona. Kuna watu, mama. Wanatembea nyuma ya ukuta. Wanatia wadudu chini ya ngozi." Akajikuna mkono uliokwisha kuwa kidonda. "Akakimbilia ukunguni kujificha. Na wewe..." Macho yake yakabadilika. "Wewe mbona unauliza sana? Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, fundi."

"Umenishika mkono. Umeweka nini mkononi mwangu?" Akanyakua mkasi.

Mwanamvua akarudi kinyumenyume, na ule uchovu mgongoni ukambana kama mtoto aliyeshtuka. Hakumchukia Ngwale. Alichokiona ni Chande, juu ya paa lisilo na nyumba, akiwa na nyundo mkononi, akiogopa upepo. Nani alimpandisha huko? Si majani. Majani yalikuja baadaye, kuuondoa uzito wa dawa ya kwanza. Na dawa ya kwanza ilitoka mfukoni mwa nani?

Mtaa wa ukungu ulikuwa bondeni, nyuma ya mji ule, na ulinuka gongo na matapishi na manukato. Hapa hakuna aliyekimbia. Watu walipepesuka wakakumbatiana, wakacheka kabla kichekesho hakijasemwa, wakaanguka polepole kama nguo zinazovuliwa. Ndimi zilikuwa nzito. Wengine hawakuwa na chupa bali vidonge vidogo vya usingizi, na hao hawakucheka. Walikuwa wameketi vidirishani wakitazama nje, na kilichokuwa nje hakikuwahusu. Walichotua hapa ni hofu na aibu na kumbukumbu. Mwanamvua alivihisi vikimshukia vyote: alijikuta anaona haya kwa mambo ambayo hakuyatenda, anakumbuka ndoa za wengine, watoto wa wengine waliosahauliwa sokoni.

Mwanamke mmoja, amevaa kanga ndani nje, akamwangukia kifuani. Alisema anaitwa Mama Asumini.

"Dada yangu! Umekonda! Wewe si dada yangu?"

"Hapana, mama. Namtafuta kijana mchechemeaji."

"Chande!" Mama Asumini akaanza kulia papo hapo, machozi mengi, mepesi. "Mtoto mzuri yule. Alikuja anatetemeka, anaogopa kivuli chake. Tukampa kikombe, tukampa na kidonge, akatulia. Akaniwekea kichwa hapa, begani. Akanisimulia habari za dada yake. Anasema hakuna mtu mwema kama dada yake. Akilia tu, dada anamletea dawa."

Machozi yakamtoka Mwanamvua.

"Unalia nini, mwanangu?" Mama Asumini akamfuta uso, akamtazama, na macho yake yakateleza kama yai kwenye sahani. Kisha akafurahi upya. "Dada yangu! Umekonda! Wewe ndiye unayemtafuta mchechemeaji? Mtoto mzuri yule. Anasema hakuna mtu mwema kama dada yake. Akilia tu..."

"Umeshaniambia, mama."

"Nimekuambia? Lini?" Akacheka, akasahau kwa nini anacheka. "Anasema akilia tu, dada anamletea dawa. Na wewe ni nani, mwanangu?"

Mwanamvua angeweza kuondoka. Lakini alisimama pale akamsikiliza tena, na tena, kwa sababu alihisi amestahili. Kila sifa ilimwingia kama mwiba kwenye kidonda kile kile. Kuna adhabu ambayo hakimu wake hajui kwamba anahukumu, na hiyo haina rufaa. Mwishowe Mama Asumini mwenyewe ndiye aliyechoka, akajilaza chini, na mikono yake ikaanza kutetemeka kwa kuwa kikombe kilikuwa kimekauka. Alionyesha kwa kidole mahali ukungu ulipopasuka. "Alikwenda kule," akasema. "Alisema anataka kumwona Mungu. Au mama yake. Nimesahau."

Kule hakukuwa na jina. Majina yalikuwa yameachana na vitu vyake. Kilima kilivuta pumzi na kuishusha. Rangi zilikuwa na sauti, na buluu ya mbali ililia kama zumari. Watu wachache waliokuwepo walikaa mbalimbali, kila mmoja mbele ya kitu kidogo. Mzee mmoja alikuwa analia kwa furaha mbele ya jani bichi. Kijana mmoja, kando yake, alikuwa akipiga mayowe mbele ya jani lile lile, akiomba lisimmeze. Jani halikuwa na neno na yeyote kati yao. Mwanamvua alijiuliza wamekula nini, wamevuta nini, uyoga au bangi au kitu kingine. Kisha akaona kwamba swali lake limechelewa. Watu hawa hawakuwa wametua uchovu wala aibu. Walikuwa wametua ukuta, ule ukuta mwembamba unaosema hapa naishia mimi, hapo unaanza ulimwengu. Aliyekuwa na bustani nyuma ya ukuta wake alipata bustani kubwa kuliko zote. Aliyekuwa na simba, simba alitoka.

Kuta zenyewe, nyembamba kama ngozi, zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, kama nguo zilizofuliwa, nyingine nyeupe, nyingine zimechakaa. Mwanamvua alipita akizigusa moja moja. Ngozi ya Chande aliijua kwa harufu, harufu ya bati la moto na jasho. Akaivua kambani. Hakujua kwa nini, lakini akaivaa.

Akawa Chande.

Alikuwa kitandani, alasiri, jua limeingia dirishani na kukaa kwenye shuka. Na maumivu yalikuwepo. Mwanamvua alikuwa amepigana na maumivu maisha yake yote ya kazi bila kukutana nayo uso kwa uso. Sasa alikutana nayo. Yalikuwa mtu mzima, amekaa pajani, anakula, haagi. Hayakuacha nafasi ya kufikiri kitu kingine. Dunia nzima ilikuwa paja. Alisikia mlio, akajua ni wake, akaona aibu, akashindwa kuuzuia. Kisha mlango ukafunguliwa na dada akaingia, na kitu mkononi. Alimtazama dada usoni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. Alitegemea kuona huruma. Midomo ya dada ilisema, "Pole, mdogo wangu." Lakini macho yalikuwa mekundu, shingo imekaza, na uso wote ulisema neno moja tu.

Nyamaza.

Na Chande aliliona. Siku ya kwanza kabisa aliliona. Akafikiri: dada amechoka. Akafikiri: namnyima usingizi. Akanyoosha mkono.

Mwanamvua aliivua ile ngozi akaitupa chini, akapiga magoti, akiokota maneno na kuyaangusha.

Nilimpa apone. Hapana. Nilimpa alale. Nilimpa nilale. Hakuwa yeye mgonjwa wangu, mgonjwa alikuwa usingizi wangu. Nilimwondoa kama ninavyowaondoa wote, ila wengine niliwaondoa wapasuliwe, yeye nilimwondoa anyamaze. Na alijua. Alijua, akanipa mkono. Nani alimtibu nani? Nani alikuwa dawa ya nani?

Kilima kikavuta pumzi, kikaishusha. Hakuna aliyemjibu. Mwanamvua akaiokota tena ile ngozi, akaikung'uta vumbi, akaikunja vizuri kwapani, akazifuata nyayo za mchechemeaji kuteremka.

Chini kabisa ya nchi ile kulikuwa na bonde lenye joto la blanketi. Palikuwa kimya. Watu wamelala kila mahali, wengine wameketi na videvu vimeangukia vifuani, wanajikuna pua taratibu kwa ncha za vidole, na wote walikuwa na tabasamu moja, kana kwamba wamegawiwa. Hakuna aliyekuwa na njaa, hakuna aliyekuwa na baridi, hakuna aliyekuwa na mtu. Mwanamvua akamfunua mmoja kope: mboni ndogo kama tundu la sindano. Aliyajua macho haya. Joto lilichuruzika kutoka ardhini kwenyewe, na kila aliyegusa chini lilimwingia bila kuomba. Hapa walitua maumivu. Na baada ya maumivu walitua vingine, kimoja kimoja, bila kujua, kwa sababu anayezoea kutua hasahau njia. Mpaka kikabaki kitu kimoja ambacho hawakukijua kuwa nacho ni mzigo. Wakaitua pumzi.

Chande alikuwa kando ya jiwe, amelala chali. Midomo imekuwa ya buluu. Koo lilitoa mkoromo wa maji, kisha kimya. Kimya kirefu.

"Chande!"

Alimtikisa, hakujibu. Akasugua mfupa wa kifua chake kwa konzi, hakujibu. Basi mikono yake ikafanya ilichokijua bila kumwuliza: ikainamisha kichwa nyuma, ikainua kidevu, ikabana pua. Mwanamvua akaweka kinywa chake juu ya kinywa cha nduguye akampulizia. Kifua kikapanda, kikashuka. Akampulizia tena. Kila pumzi aliyompa ilimtoa yeye kitu, na kila iliporudi ilinuka chuma. Hakuomba dua. Alipuliza tu, na katikati ya kupuliza aliona Chande amekuwa mtoto mchanga, kisha mzee asiye na meno, kisha Chande tena. Naye hakusimama, kwa kuwa wote watatu walikuwa na haki ya kupumua.

Midomo ikarudia wekundu wake. Chande akakohoa, akageuka ubavu, akatapika. Akafumbua macho.

"Nani kanirudisha?"

"Mimi."

Chande alimtazama, akamtambua, na uso wake ukakunjamana. Maumivu yalikuwa yakirudi. Mwanamvua aliyaona yakipanda pajani kama maji yanayopanda kisimani. "Dada," akasema, "kwa nini? Nilikuwa nimefika."

"Hukuwa umefika popote. Ulikuwa unakufa."

"Nipe kidogo."

"Sina."

"Siku zote unayo!"

"Sina. Na ningekuwa nayo nisingekupa."

"Basi niache nilale chini. Ardhi inayo. Niachie tu mabega."

Mwanamvua alikuwa amechuchumaa, amemwegemeza kifuani pake, mgongo wa Chande hauigusi ardhi, na hakumwachia. Chande akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka, ngozi ikasisimka ikawa ya kuku aliyenyonyolewa, machozi na kamasi vikamtiririka, na miguu ikawa inapiga mateke yenyewe. Ile ndiyo arosto, mwili unaodai ulichozoeshwa. Akalia. Haikuwa ile sauti ya mlango na upepo. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyefungua kinywa chote, na bonde zima likaisikia.

Mwanamke aliyelala karibu akainua kichwa kwa shida. "Mlaze, mama," akasema kwa upole mkubwa. "Anatuamsha. Unamfanyia uadui gani mtoto wa watu?" Kisha akamtazama Mwanamvua vizuri zaidi. "Na wewe una mzigo. Umekupinda mgongo. Hata huo hutuliwa hapa. Hatia nayo ni maumivu kama mengine. Kaa tu chini kidogo."

Na kweli, joto lilikuwa limeshampanda Mwanamvua nyayoni. Halikuwa na hila yoyote. Lilisema kwa lugha ya mama anayembembeleza mtoto: ulichoka, ulimpenda, basi. Aliliona neno *nyamaza* likiyeyuka, akauona uso wake mwenyewe wa alasiri ile ukisafika, ukawa na huruma, huruma tupu, kama alivyokuwa akijisimulia. Angeweza kuamini. Mara moja tu akiketi ataamini, na itakuwa kweli, na hatahitaji kuamini tena kitu kingine.

Lakini kilichotuliwa hapa hutafuta bega. Na bega lililokuwa karibu, la mkavu mwingine pekee bondeni, lilikuwa la Chande, ambaye dawa ilikuwa imemtoka.

Akasimama wima, Chande kifuani pake.

"Chande," akasema, "ile dawa sikukupa kwa ajili yako."

Kilio kikakatika. Meno ya Chande yalikuwa yakigongana. "Najua."

"Nilitaka unyamaze, nilale."

"Nilijua siku ile ile. Ulidhani nilikuwa kipofu?" Akapumua kwa shida. "Nilikunyooshea mkono ili ulale. Ukalala. Nikakusikia unakoroma chumba cha pili, nikafurahi. Halafu nikawa siwezi tena kukumbuka kama nafurahi kwa ajili yako au kwa ajili ya ile dawa."

Mwanamvua hakuomba radhi; radhi ingekuwa namna nyingine ya kumwomba anyamaze. Akaifungua ile ngozi aliyoikunja kwapani, akamvisha, naye Chande akapiga ukelele ilipomgusa, maana sasa palikuwa na mpaka, na ndani ya mpaka palikuwa na mtu, na mtu yule ndiye aliyekuwa akiumia. Kisha akachuchumaa, akampakia mgongoni, juu ya uchovu wa mji mzima na aibu za watu wasiojulikana, akaanza kupanda mteremko.

Njia ilikuwa ndefu na jua halikusogea. Chande alimtapikia begani. Alimng'ata. Alimwomba kwa jina la mama, kisha akamtukana kwa jina la huyo huyo mama. Aliahidi, akatisha, akabembeleza, akasema atajiua, akasema ana kiu. Mwanamvua alitembea. Mara kadhaa mkono wake ulitaka kwenda mfukoni, mahali ambapo zamani palikuwa na jibu, akauacha uende, ukakuta mfuko mtupu, ukarudi.

"Nakuchukia, dada," Chande akasema sikioni mwake, akilia. "Unanisikia? Nakuchukia."

"Nakusikia," Mwanamvua akasema. "Endelea kusema."

Na Chande akaendelea.